Uagize nini kwenye kimgahawa cha pannenkoek: tufaha kwanza, ila liwe limegeuzwa

Jumamosi iliyopita nililipa yuro 14 kwa pannenkoek ya tufaha, yaani chapati ya maji ya Kiholanzi, ambayo katikati ilikuwa mbichi. Nilikuwa na mama mdogo, ndiyo kwanza amefika Uholanzi kutoka Tanga, na chakula hiki nilikuwa nimemsifia tangu tukiwa uwanja wa ndege. Akasukuma kipande cha tufaha kwa uma. Kikateleza chenyewe, na chini yake rojo jeupe likabaki linang'aa. "Mwanangu, hii haijaiva," akaniambia kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza kila likizo muagize nini, jibu langu leo ni refu kidogo.

Ukubwa usikusumbue. Zote zinafunika sahani, upana karibu sentimita 30, nene kuliko za Wafaransa na nyembamba kuliko za Wamarekani. Aliyelelewa na chapati za maji ataielewa mara moja. Kitu ambacho watu hawakitazami ni rangi ya tufaha. Tufaha linatakiwa likatwe jembamba, vipande vipangwe juu ya rojo likiwa bado bichi kikaangoni, halafu pannenkoek nzima igeuzwe ili tufaha lenyewe lilalie chuma na siagi. Likipikwa hivyo hutoka na kahawia ukingoni na hushikana na unga kiasi kwamba huwezi kulibandua. Ukiletewa tufaha jeupe, ujue halikugeuzwa. Limewekwa juu mwishoni, au vipande ni vinene mno na mpishi ameogopa visidondoke, ndiyo maana unga ulio chini yake haukuiva. Wenyewe wana neno: meegebakken, yaani kimeokwa pamoja. Uliza hivyo kabla ya kuagiza. Mpishi anayeijua kazi yake hachukii swali hilo.

Basi ya kwanza kwangu ni hiyo hiyo ya tufaha, iliyogeuzwa, na shira juu. Kwenye shira nina upande: Van Gilse, ile schenkstroop yao, yaani shira ya kumimina. Ni nyeusi, nzito, na utamu wake una ladha ya sukari guru. Nyumbani kwangu haiishi, na mgahawa wenye chupa yake mezani huwa nauamini kabla sijakaa.

Ya pili ni jibini na tangawizi. Msikunje nyuso. Tangawizi yao imelowekwa kwenye shira, jibini ina chumvi, vikikutana kwenye chuma cha moto vinapendeza sana.

Ya tatu ni poffertjes, na hapa Mswahili yuko nyumbani, maana hupikwa kwenye chuma chenye vishimo kama cha vitumbua, kwa unga wenye hamira, na mara nyingi huchanganywa na unga wa boekweit (buckwheat kwa Kiingereza) unaozipa harufu ya kukaangakaanga. Huletwa na kipande cha siagi na sukari ya unga. Ningeziweka juu zaidi, lakini dukani zinauzwa zimeshapikwa kwenye pakiti, kwa hiyo chungulia jikoni: kama chuma cha vishimo hakipo, agiza kingine.

Ya spek ni nyama ya nguruwe, na Waholanzi wenyewe wengi huipenda na shira. Mimi siili. Wenzangu msioila, semeni mapema, kwa sababu jiko dogo huwa na vikaango vichache na mafuta yale hubaki humo hata kama umeagiza tufaha.

Ya bei rahisi ni naturel, unga mtupu na sukari. Watoto wanaipenda.

Jambo jingine kuhusu udogo wa vimgahawa vyenyewe. Kimgahawa cha Upstairs, pale mtaa wa Grimburgwal, Amsterdam, kina meza nne tu, juu ya ngazi iliyosimama wima, na mabuli yamening'inia darini. Sehemu za namna hiyo wekeni nafasi mapema na muagize wote kwa pamoja, maana hupikwa moja moja.

Sasa bei. Ile sehemu ya Jumamosi (wala si hiyo niliyoitaja) kila kitu kilihesabiwa peke yake. Tangawizi, yuro 2. Shira ikaja kwenye kipakiti cha kubinya, nikataka cha pili, kikaingia kwenye bili. Maji ya bomba wakakataa kutupa, katika nchi ambayo maji ya bomba ni safi kabisa, wakatuuzia chupa. Nilipomwonyesha mhudumu lile rojo, akaniambia eti ndiyo asili yake. Nimeishi huku miaka 11, nimeipika kwa mikono yangu, na mbele ya mgeni wangu naambiwa unga mbichi ndiyo asili! Nikairudisha sahani. Tulikaa dakika 20. Ikaja nyingine, tufaha lina kahawia pande zote na limeng'ang'ania unga.

Kumbe kugeuza wanajua.