Testa ya balbu, multimita, klampu mita au skana: kipi kinafaa gari la spoti la zamani?

Haya watazamaji wangu, karibuni. Mezani leo nina vitu vinne: testa ya balbu, multimita, klampu mita na skana ya gari. Wengi wenu mnaniuliza mnunue kipi, maana gari lenu la spoti ni la miaka ya sitini, sabini au themanini, na umeme wake kila wiki unazua jipya. Leo taa, kesho stata, keshokutwa betri imelala. Jibu natoa mapema, asiyekubali abaki tubishane: nunua testa ya balbu kwanza, multimita ifuate. Klampu mita ni nzuri, ila ina mtego. Skana ni pambo.

Skana tuimalize haraka. Lile tundu la pini 16 la kuchomekea skana, lililo chini ya dashibodi, lilikuja kuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia modeli za 1996, na Ulaya magari ya petroli yakafuata miaka michache baadaye. Sasa kwenye MGB ya mwaka 1970 au Datsun 240Z skana utaichomeka wapi? Hakuna kompyuta ya kuulizwa. Hata Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989 na ina kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, yenyewe ina njia yake: chini ya boneti kuna kisanduku cha uchunguzi, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND, kisha unahesabu mimweko ya taa. Kipande cha waya kinatosha.

Sasa twende kwenye testa, hapa nitakaa kidogo. Hii ni balbu ndogo ya wati 5, ina sindano upande mmoja na klipu ya mamba upande wa pili. Uzuri wake ni kwamba inakula umeme, kama 0.4 ya ampea. Multimita haili kitu. Ukinzani wake wa ndani kwa kawaida ni megaomu 10 hivi. Kwa hiyo ukipima swichi iliyoungua ndani au kiunganishi kilichojaa kutu, multimita inakuambia volti 12 safi kabisa, wewe unaamini moto, yaani umeme, upo, unaanza kununua injini ya wipa. Ukigusa palepale kwa testa, balbu inawaka kichovu au haiwaki kabisa. Moto ulikuwepo wa kuonyesha tu, wa kufanya kazi haukuwepo.

Ila testa nayo hudanganyika. Waya wa taa kubwa ukikatika nyuzi zikabaki mbili, hizo mbili zinaweza kuiwasha balbu ya wati 5 bila shida. Hapo mimi natumia balbu ya taa ya mbele, wati 55, niliyoiunganishia nyaya mbili. Hiyo inavuta zaidi ya ampea 4, na waya mbovu hauna pa kujificha. Tahadhari: usichokoe nyaya za kontrolboksi wala za earbegi kwa testa ya balbu. Huko ni kazi ya multimita.

Na mkienda dukani, ziko testa za LED, zinapendeza macho. Kwa gari la zamani ziacheni. Hazivuti umeme wa maana, kwa hiyo zinarudia uongo uleule wa multimita. Halafu nyingine zinajali chanya na hasi, wakati MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 ethi yake ni chanya, yaani bodi imeungwa kwenye chanya ya betri. Balbu ya kawaida haijali, inawaka tu.

Multimita je? Hii mkononi mwangu ni ya kawaida sana, na inatosha. Msiipeleke moja kwa moja kwenye omu, yaani kupima ukinzani. Kazi yake kubwa ni kupima volti zinazopotea njiani wakati kifaa kinafanya kazi. Washa taa za mbele. Ncha moja iweke kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi palepale kwenye taa. Ikisoma chini ya 0.2, ethi ni nzima. Ikisoma 2, umepata mwizi wako: fungua boliti ya ethi, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga tena. Taa hafifu, indiketa zinazosuasua, geji ya mafuta inayopanda ukiwasha taa, mengi ya hayo ni ethi, na watu wananunua vipuri vizima badala ya msasa.

Nyaya za magari ya Kiingereza zina rangi zenye maana, zikariri. Kahawia ina moto muda wote na kwa kawaida haina fyuzi. Nyeupe inapata moto ukifungua swichi ya ufunguo. Kijani ni hiyo ya ufunguo ikishapita fyuzi. Zambarau ina moto muda wote lakini ina fyuzi. Nyeusi ni ethi. Ile kahawia iheshimu, ikigusa bodi hakuna cha kuizuia, inachoma na wenzake wote. Chomoa betri kabla hujaigusa.

Klampu mita: unabana waya bila kukata chochote, inasoma ampea. Mtego ni huu, nyingi za bei rahisi zinapima AC pekee, umeme kama wa nyumbani, kwenye mdomo wake. Gari ni DC, umeme wa betri. Soma kwenye boksi lake kama inapima ampea za DC, na kama inashuka hadi miliampea, kwa sababu umeme unaoibwa usiku gari likiwa limezimwa unatafutwa kwenye miliampea. Gari la bila kompyuta na bila saa linatakiwa lisile karibu chochote. Lenye kompyuta, zaidi ya miliampea 50 ni wizi. Kama huna klampu, weka multimita kwenye milivolti, pima juu ya kila fyuzi bila kuichomoa. Fyuzi inayoonyesha namba ndiyo yenye umeme unaopita.

Vipuri sasa. Msitafute kwa jina la gari, tafuteni kwa namba iliyopigwa kwenye kifaa chenyewe. Wenye viwanda vya magari ya spoti walikuwa wakiazima. Taa za nyuma za Jaguar XJ220 ni za Rover 200. Za Aston Martin DB7 zimetoka kwenye Mazda 323. Kipuri kilekile, kikibandikwa jina la gari la kifahari bei inapaa. Na viwanda vyenyewe vimeanza kutoa tena vipuri vya magari yao ya zamani: Toyota ina mpango wa GR Heritage Parts kwa Supra za A70 na A80, Nissan ina vipuri vya GT-R ya R32. Anzeni huko kabla ya kununua kilichotumika.

Rilei iliyotumika, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ijaribuni mezani. Nyingi za mtindo wa Bosch, pini 85 na 86 ni koili, 30 moto unaingia, 87 unatoka. Ipe koili volti 12, isikie ikigonga, kisha pitisha ile balbu ya wati 55 kati ya 30 na 87. Kugonga peke yake si ushahidi. Wenye Porsche 944 wanaijua rilei ya DME, ile ya kompyuta ya injini: gari likipata joto linazima, likipoa linawaka, kwa sababu lehemu ndani imepasuka kuzunguka pini. Fungua kifuniko, lehemu upya.

Kontrolboksi ni vivyo hivyo. Za Mitsubishi Eclipse za mwanzo wa miaka ya 1990 zinajulikana kwa kapasita kuvuja na kula bodi. Ukinunua nyingine ya umri uleule umenunua kapasita za umri uleule. Ifungueni ya kwenu kwanza, na kama njia za shaba bado hazijaliwa, mpe fundi wa elektroniki abadilishe kapasita peke yake, zile zinazostahimili nyuzi joto 105.