A Wizard of Earthsea: adui aliyezaliwa na shujaa mwenyewe

Anayetaka kuandika hadithi za kichawi akiwa hapa Dodoma akinunue kitabu hiki cha Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1968, na akisome kalamu mkononi. Tahadhari: uhakiki huu unataja mwisho wake.

Ged ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont. Aliyechunga mbuzi Chamwino atamwelewa mara moja. Ana kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi. Sura ya 4 ndiyo kiini. Katika shule ya wachawi ya Roke anachokozwa na mwenzake, Jasper, naye ili aonyeshe ubingwa anaita roho ya mwanamke aliyekufa zamani. Ulimwengu unachanika, na katika ufa ule linachomoka dude jeusi lisilo na uso, ambalo kitabu kinaliita kivuli, linamrarua. Mkuu wa shule anauziba ufa na kufa. Kovu linabaki usoni mwa Ged, na kwa sura 6 zilizobaki msomaji hasahau nani alimleta adui.

Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliita kivuli ile sehemu ya nafsi ambayo mtu huikataa, kisha huiona kwa wengine. Le Guin alisema hakuwa amemsoma Jung alipokiandika. Labda ndiyo maana hakuna ukurasa unaonuka somo. Mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba jua la adhuhuri Dodoma hukaa utosini, nguzo iliyo wima ikabaki karibu bila kivuli. Kivuli hakijaenda popote, kiko nyayoni. Ged wa Roke ni kama nguzo hiyo.

Mwandishi alinganishe sura ya 5 na ya 6. Katika ulimwengu wa Earthsea anayejua jina la kweli la kiumbe hukitawala. Joka la kisiwa cha Pendor linabanwa kwa kutajwa jina lake, kwa kuwa ni adui wa nje. Kivuli ndicho kinachomwita Ged kwa jina lake la siri, naye hana la kukitaja. Hajui bado kwamba jina lake na la kivuli ni moja. Sura ya 10 wanalitamka pamoja, na hakuna anayeuawa.

Wanaoiga huharibu hapa: humpa adui sura ya shujaa, au wanafichua kuwa ni ndugu yake, lakini hawampi tamaa ya shujaa. Ifute dhambi ya shujaa kwenye muswada wako. Adui akibaki amesimama, huyo si kivuli, ni jirani mbaya tu. Futa sura ya 4 hapa, kitabu kizima kinaanguka.

Kasoro zipo. Roke haina mwanafunzi wa kike, na uchawi wa wanawake unasemwa kuwa dhaifu na mwovu. Le Guin alirudi kulikosoa jambo hilo katika riwaya yake Tehanu, 1990. Jasper anaachwa njiani, hasara kubwa, kwani ndiye kioo cha kwanza cha kiburi cha Ged. Kiingereza chake kina mpangilio wa kizamani, na sura za mwisho zimejaa matanga na upepo, hivyo aliyekulia bara asome taratibu.

Sura ya 4 isome mara mbili, ya pili baada ya kumaliza ya 10: utaona jinsi mwisho wote ulivyokuwa umeshawekwa pale.