Mazabodi ya Dubai, kifuniko kilichopotea na miezi mitatu ya kusubiri

Bado napigiwa simu na vijana wanaounganisha kompyuta za mtumba, wakiniuliza kama mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, zenye chipuseti (chipu inayounganisha prosesa na diski na vifaa vingine) za P67 na H67 zinafaa kununuliwa. Nyingine zinafaa sana, nyingine usiziguse, na kwa macho hutazitofautisha. Nilikuwa nayo moja ya zile za kutoguswa, nikairudisha dukani nchi za watu, nikaletewa nzuri. Safari yake ilikuwa hivi.

Kazi yangu ni video za harusi, hapa Dar es Salaam. Sherehe moja si siku moja: kuna kitchen party, kuna send-off, kuna harusi yenyewe, na kila moja ina kamera mbili. Kwa hiyo kompyuta yangu ni ghala la diski. Januari 2011 Intel walipotoa prosesa zao mpya za Sandy Bridge, nilimtumia shemeji yangu anayefanya kazi Dubai pesa ya kuninunulia mojawapo, Core i7-2600K, na mazabodi ya P67. Alivinunua Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed, kule maduka ya kompyuta yalikopangana. Mzigo ukaja kwenye begi la jirani yake aliyekuwa anarudi likizo. Nikachomeka diski nne na draivu ya DVD, nikawasha. Video iliyokuwa ikinikesha usiku kucha kwenye Core 2 Duo yangu ya zamani ilimaliza kabla sijala chakula cha jioni.

Raha hiyo ilidumu siku kama sita. Jumatatu, tarehe 31 Januari, Intel wakatangaza kwamba chipuseti za familia hiyo zina kasoro, wamesimamisha kuzisafirisha, na wanatengeneza toleo jingine. Zilikuwa sokoni tangu tarehe 9 mwezi huohuo, yaani wiki tatu tu. Walikadiria gharama ya kubadilisha na kutengeneza kuwa dola milioni 700, mbali na milioni 300 za mauzo watakayoyakosa robo ile ya mwaka.

Niieleze kasoro yenyewe, maana mafundi wengi wa mjini waliielewa vibaya, wakawa wanawatisha watu kwamba prosesa itaungua. Prosesa haikuwa na kosa lolote. Chipuseti ile ina poti sita za SATA, yaani za kuchomekea diski na DVD: mbili za kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde na nne za gigabiti 3. Katika saketi ya saa inayoziendesha zile nne kulikuwa na transista inayopewa volti kubwa kuliko uwezo wake. Haikuwa inakufa papo hapo. Ilikuwa inavujisha umeme kidogokidogo, na kadiri siku zinavyokwenda poti zinachoka: kwanza diski inasoma kwa makosa na kwa kusuasua, baadaye inaonekana na kupotea, mwisho haionekani kabisa. Makadirio yaliyotolewa ni kwamba kati ya asilimia 5 na 15 ya mashine zingepata tatizo hilo ndani ya miaka 3, kulingana na matumizi. Data iliyomo kwenye diski haiguswi. Ukiihamishia diski yako kwenye poti nzima unaikuta vilevile.

Sasa mtu mwenye diski moja na DVD moja angeweza kuzitumia zile poti mbili za gigabiti 6 maisha yake yote asijue kulikuwa na kelele yoyote duniani. Ndiyo maana tarehe 7 Februari Intel waliruhusu chipuseti zilezile ziendelee kwenda kwa watengenezaji ambao kompyuta zao hazigusi zile poti nne, nyingi zikiwa laptopu. Mimi nilikuwa na vifaa vitano.

Simu ya kwanza dukani alipiga shemeji, kwa Kihindi chake cha kuokoteza. Akajibiwa kwamba mazabodi zote za aina hiyo zimeondolewa kwenye shelfu, lakini maelekezo ya wateja waliokwishanunua bado hayajafika. Jibu hilo liliniudhi siku ile. Nikilifikiria leo naona lilikuwa jibu la kweli: duka la rejareja halina mazabodi mpya za kukupa mpaka kiwanda kizitengeneze, na kiwanda hakiwezi mpaka Intel wakipe chipuseti. Wote kwenye mnyororo ule walikuwa wanamsubiri mtu mmoja. Watengenezaji wa mazabodi, Asus, Gigabyte, MSI, wote walisema vilevile: rudi ulikonunua.

Katikati ya Februari duka likampigia shemeji lenyewe. Hapo nawapa maksi zao zote, kwa sababu hawakusubiri tuwakumbushe. Walikuwa wameandika namba yake kwenye nakala ya risiti. Wakatoa njia mbili: urudishe mazabodi uchukue fedha zako zote, au ujiandikishe usubiri toleo jipya, lililoitwa B3, huku ukiendelea kutumia la zamani.

"Shem, chukua hela," shemeji akaniambia. "Hawa watu wakishakupa hela mmemalizana."

Nilimwelewa, ila angalia mtego uliopo. Prosesa ile inakaa kwenye soketi (kikalio chake juu ya mazabodi) ya LGA1155, yaani ya pini 1155, ambayo ilikuwa mpya kabisa. Mazabodi za mwaka uliotangulia zilikuwa za 1156, na pini moja tu ile inatosha kukufungia mlango. Prosesa yenyewe haikuwa kwenye mpango wa kurudishwa, maana haikuwa mbovu. Kwa hiyo ningebaki na fedha za mazabodi mkononi na prosesa ya zaidi ya dola 300 kwenye droo, isiyoweza kukaa popote. Nikajiandikisha kusubiri.

Wakati wa kusubiri nilijipanga hivi. Diski mbili za kazi nikazihamishia kwenye poti za gigabiti 6. Nikanunua kadi ya SATA ya kuchomeka kwenye PCI Express, yaani nafasi ya kadi za ziada kwenye mazabodi, diski za akiba zikakaa huko. DVD nikaitoa nje kwa USB. Mashine ikaendelea kupiga kazi, na kusema ukweli haikuwahi kuleta kosa hata moja. Kilichonisumbua mwaka ule kilikuwa mgawo wa umeme, si transista.

Na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo kwa mteja. Kitu kikiharibika, unakirudisha huku umenuna na una haki yako. Lakini hiki kilikuwa kizima! Nilikuwa naambiwa nikifungue kitu kinachofanya kazi, nikifunge kwenye boksi, nikikabidhi kwa msafiri, nikae bila chombo cha kazi kwa wiki kadhaa, kwa sababu ya asilimia fulani za miaka mitatu ijayo. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Sasa baba, unakirudisha kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu la mezani. Nilikuwa na hofu tu ya diski kupotea katikati ya kazi ya mtu aliyekwisha kulipa.

Machi mwishoni tukaambiwa B3 zinaingia. Yakaja masharti: boksi lake, kebo, kile kibati cha nyuma chenye matundu ya poti, risiti halisi, na kifuniko cha plastiki cha soketi.

Kifuniko! Wanaojua wameshaanza kucheka. Katika soketi za Intel za aina hii pini ziko kwenye mazabodi, si kwenye prosesa, na ni laini kama nywele. Mazabodi inakuja imefunikwa kwa plastiki nyeusi isiyo na thamani yoyote, ukishaweka prosesa unaitupa. Duka linakitaka kwa sababu bila hicho pini zikipinda njiani hakuna wa kuamua ni nani alizipinda, na pini zilizopinda zinakutoa kwenye mpango. Changu nilikuwa nimekitupa tangu Januari. Nilizunguka kwa mafundi wa Kariakoo siku nzima ya Jumamosi nikiomba takataka. Mmoja akaniuzia, naam, akaniuzia, kifuniko cha mazabodi nyingine kwa shilingi elfu mbili, huku akinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kikaingia barabara.

Tarehe ya kutuma niliichagua kwa kalenda ya kanisa. Wakati wa Kwaresima ndoa kanisani zinapungua sana, na mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 24 Aprili. Nikaifungua mashine wiki ya kwanza ya Aprili, mazabodi ikaondoka kwenye begi la dada mmoja anayefuata nguo Dubai. Nikarudi kwenye Core 2 Duo yangu na kukesha.

Dukani, kwa maelezo ya shemeji, ilichukua kama nusu saa. Kijana akakagua pini kwa lenzi, akalinganisha namba ya mazabodi na ile ya kwenye boksi, akakuta kebo moja imepungua (ilikuwa kwenye kompyuta yangu, nilisahau), akanung'unika, kisha akaachia. Akatoa boksi jipya lenye stika kubwa ya B3. Aina ileile, hakudai hata dirhamu moja. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu yangu, na ile zawadi ya dada aliyebeba, na kadi ya SATA, na elfu mbili ya kifuniko. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa: mpango mzima ulitengenezwa kwa mtu anayeishi mwendo wa teksi kutoka dukani.

Mazabodi mpya ilinifikia Jumatano baada ya Pasaka. Windows ikawaka bila kuiweka upya, ingawa ilianza kuniuliza maswali ya leseni. Tusiulizane niliipata wapi.

Kama habari ingeishia hapo, ningelipa duka lile nyota tano kasoro nauli. Lakini Juni rafiki yangu, naye mpiga video, alinijia na furaha: kapata mazabodi ya P67 katika duka moja hapahapa mjini, bei ya kutupa, haijafunguliwa. Nikaomba boksi. Halikuwa na stika. Tukafungua CPU-Z, programu inayosoma taarifa za vifaa vya kompyuta, kwenye ukurasa wa mazabodi, mstari wa southbridge, yaani chipuseti yenyewe: B2, lile toleo lenye kasoro. Tukarudi dukani wote wawili.

"Kaka, hizo ni habari za Marekani," muuzaji akasema. "Hapa mbona inawaka?"

Inawaka, ndiyo. Hata yangu iliwaka miezi miwili bila kukohoa, na ndiyo maana hoja yake ni ngumu kuijibu mbele ya kaunta. Hakukuwa na risiti yenye namba ya mazabodi, kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono "1 pc board". Mazabodi imetoka wapi, imepitia kwa nani, na kwa nini ilishuka bei miezi minne baada ya wenzake kuondolewa madukani, hakutaka kusema. Hakubadilisha, hakurudisha fedha. Rafiki yangu akanunua kadi ya SATA kama yangu, akaziziba zile poti nne kwa utepe ili asije akasahau.

Basi kwa wanaoniuliza: stika ya B3 kwenye boksi ni dalili nzuri, lakini boksi hubadilishwa. Omba iwashwe mbele yako, fungua CPU-Z, soma mstari huo. Ikiwa B3, lipa. Ikiwa B2 na wewe ni mtu wa diski mbili tu, unaweza kuichukua kwa bei ya huruma na kutumia poti za gigabiti 6 pekee. Kawaida zina rangi tofauti na nyingine, lakini thibitisha kwenye kitabu chake, maana baadhi ya mazabodi zina poti za ziada za chipu nyingine kabisa.

Yangu ilifanya kazi mpaka nilipoiuza, pamoja na boksi lake, kebo zote na kile kifuniko cha safari hii, ambacho tangu siku ya kwanza nilikibandika kwa utepe nyuma ya risiti. Aliyenunua aliuliza kile kiplastiki ni cha nini.