Mifuko ya PICS: mwaka wa pili natunzia mahindi chumbani

Mwaka wa pili sasa natunza mahindi kwenye mifuko ya PICS, ile ya nafaka isiyopitisha hewa, ndo nimeona niseme, maana mji mdogo wa wakulima ukianza kujaa watu kitu cha kwanza kupotea ni nafasi. Mashamba yanakatwa viwanja, ghala linapigwa plasta linapangishwa, afu mahindi yote yanahamia ndani mnakolala. Sasa hapo uanze kuchanganya dawa ya unga pembeni ya kitanda cha watoto? Mi hapana.

Hii haitaki dawa kabisa. Nailoni mbili ndani, kiroba nje, hewa haipiti, wadudu waliomo wanamaliza oksijeni wanakufa wenyewe. Watafiti wa Purdue kule Marekani walianza nayo kwa kunde za wakulima wa Kameruni miaka ya 1980, ila kwenye mahindi nayo inafanya kazi vizuri sana. Nilifungua baada ya miezi 8 nikazamisha mkono mpaka kiwiko, hakuna ule ungaunga wa dumuzi, punje zinateleza vidoleni kama siku ya kupukuchua.

Ila usiweke mahindi mabichi jamani!! Unyevu uwe 13% kushuka chini, la sivyo ukungu. Kama huna kipimo weka chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa, acha robo saa, chumvi ikiganda kwenye chupa rudisha juani. Isipoganda mi bado naanika tena, maana chumvi inakamata unyevu wa kama 15% kupanda. Na kufunga usilipue, kamua hewa, sokota, kunja, funga kamba, kila tabaka peke yake.

Shida yake panya. Mfuko mmoja niliuegemeza ukutani ukatobolewa ubavuni, tundu dogo tu, mfuko wote ukaliwa na dumuzi, iliniuma sana. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Na mahindi ya kula tenga pembeni, ukifungua fungua hewa inaingia.

Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida lakini usipotoboka unautumia tena msimu ujao. Na watu waliohamia wengi hawalimi, wananunua mwaka mzima, wakati sisi tulikuwa tunauza yote wiki za mavuno kwa bei ya chini kwa kuogopa dumuzi. Msimu huu gunia la kwanza nimelitoa mwezi wa tano tangu kuvuna, mnunuzi kachota kiganjani kaangalia kalipa. Nyota 4 kati ya 5.