Tofali la makumbi ya nazi la gramu 650, Kidoti wangu kapata pa kutagia

Nilinunua hili tofali mwezi wa tatu kwa pauni 6 na nasema mapema kabisa, kama una geko jike (mjusi wa kufugwa ndani) kanunue, usingoje mpaka aanze kuhangaika kama wangu. Mimi niko Leicester, Uingereza, geko wangu ni lepadi, wale wenye madoadoa ambao asili yao ni Pakistani na Afghanistani huko. Siyo kama mjusi kafiri wa ukutani, huyu vidole vyake havinati, kioo hapandi, kazi yake ni chini tu na kufukua. Jina lake Kidoti.

Sasa alianza kuchimba kila kona, usiku kucha unasikia kwara kwara kwenye kioo cha sanduku lake, nyenje hataki, funza hataki, nikaenda duka nililomnunua wakaniambia huyo hajakaa na dume, mayai atayatoa wapi, wakaniuzia mfuko wa mchanga. Jamani siyo kweli! Geko jike akishakomaa anaweza kutaga bila dume kabisa, mayai hayatatoa watoto lakini yapo na lazima yatoke, na asipopata mahali penye unyevu pa kuyafukia anaweza kuyazuia tumboni mpaka yakamuua. Na ule mchanga mkavu ndo haufai, akichimba shimo linajifukia lenyewe, anaanza upya, anachoka bure. Mie nilijua siku nilipomweka kwenye bakuli la plastiki linaloonyesha nikammulika na tochi kwa chini, nikaona viduara viwili vyeupe chini ya ngozi ya tumbo, kimoja huku kimoja kule. Moyo ukanienda mbio.

Ndo nikanunua tofali. Linakuja kavu, gumu kama la kuchoma. Mimi nimekulia Jambiani, Zanzibar, kwetu makumbi yanafukiwa pwani miezi na miezi halafu kina mama wanayaponda kupata usumba wa kusokota kamba, kwa hiyo nilipomwagia maji ya uvuguvugu ile harufu ikapanda nikajua haya ni makumbi matupu, hayajatiwa manukato wala rangi. Pakiti inasema lita 4 za maji kwa tofali zima, kwangu mimi ni mengi, tia 3 kwanza, ngoja nusu saa, kisha chukua mkononi ukandamize: libaki donge na maji yasidondoke. Yakidondoka likamue, maana tope linaleta ukungu.

Nikajaza kopo la aiskrimu la lita 2, kina kama sentimita 8, nikatoboa mfuniko tundu la kupita yeye, nikaliweka upande wa sanduku wenye joto. Usiku uleule kaingia. Anachimba kwa miguu ya mbele, halafu anageuza ya nyuma anasukuma takataka zinaruka mpaka nje ya tundu, kuna wakati naona ncha ya mkia tu. Asubuhi nikafungua, juu pamesawazishwa vizuri mpaka nikadhani hamna kitu, kumbe mayai mawili yako chini kabisa, laini kama ngozi, na yeye ubavu umeingia ndani ngozi ina mikunjo. Alikunywa maji sana, siku ya tatu akala. Ila mwenzangu ukiona anachimba siku nyingi hatagi na anazidi kulegea, hapo siyo kazi ya makumbi tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

Kasoro zipo. Linakauka haraka, inabidi nipulizie maji kila baada ya siku mbili, na kabla hujalilowesha vumbi lake linakereketa koo, livunjie nje. Halafu kuna nyuzi ndefu ndefu humo, zichambue zote zisije zikamkaba vidole.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa yale maelezo ya maji. Nimetumia kama theluthi tu, lililobaki nililikata kwa msumeno kabla ya kulowesha nikalihifadhi kavu, maana msimu mmoja hawa hutaga zaidi ya mara moja na juzi Kidoti kaanza kukwaruza tena, kopo nimeshalilowesha liko ndani linamsubiri.