Uzoefu wangu na n8n: ipe nodi jina siku unayoiunda

Mwezi wa sita mwaka jana mifuko 40 ya salfa ilishushwa Masasi, na waliokuwa wakiisubiri ni watu wa Newala. Anayeijua mikorosho hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaozuiwa kwa salfa, ukishashika maua machanga hauna habari kwamba mzigo umepotea njia. Kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye jina la hatua moja ndani ya programu ya n8n.

Niko kwenye duka la pembejeo hapa Mtwara mjini. Tunauza salfa, viuatilifu vya maji, mabomba ya kupulizia na vipuri vyake. Tuna matawi mawili, Masasi na Newala, na oda nyingine tunazipeleka upande wa Lindi. Kila tawi linaandika mauzo yake kwenye Google Sheets. Kazi ya n8n ni kuyasoma mauzo hayo jioni, kuangalia bidhaa gani imepungua, kuandika oda kwenye orodha ya ghala kuu, na kumjulisha msimamizi wa tawi kwa Telegram. Nina misimu miwili nayo sasa.

Kwa asiyeijua: ni programu ya kuunganisha mifumo, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2019 na Jan Oberhauser. Jina lake ni ufupisho wa "nodemation": n ya mwanzo, herufi nane za katikati, n ya mwisho. Mbele yako unapata ubao mtupu. Kila hatua ya kazi unaiweka kama nodi, kisha unaziunganisha kwa mistari. Ukiitumia kwenye mitambo yao unalipia kila mwezi. Ukiisimika mwenyewe kwa kazi za ndani za biashara yako, hulipi leseni. Sisi tumeiweka kwa Docker (programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kasha lake) kwenye kompyuta ya zamani iliyopo nyuma ya kaunta, tunaifungua kwa kivinjari kupitia mlango (port) 5678, na kwa duka la ukubwa wetu inatosha kabisa.

Sasa nije kwenye majina, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Ukiweka nodi, programu inaipa jina yenyewe. Kwangu ya kwanza ya Google Sheets iliitwa "Google Sheets". Ya pili ikawa "Google Sheets1", ya tatu "Google Sheets2". Siku ya kwanza niliona haina neno, kwa sababu nilikuwa nazo mbili tu na kila moja naijua. Baada ya mwezi zilifika sita. Jioni moja nikataka kurekebisha sehemu inayoandika oda ya Newala. Nikafungua ya 3, nayo niliyoitaka ilikuwa ya 4. Kwa macho zinafanana: alama ileile ya kijani, jina lilelile, namba tu ndiyo tofauti. Nikahifadhi, nikaenda nyumbani Chikongola. Kesho yake wapakiaji wakafuata orodha kama ilivyo.

Simu ya dada anayesimamia Newala naikumbuka neno kwa neno.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, wakulima wamekaa hapa tangu asubuhi. Mzigo uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Ilinichukua zaidi ya saa nzima, nikifungua nodi moja baada ya nyingine, kugundua mzigo uko wapi na kwa nini.

Usiku ule nilibadilisha majina yote. Unaichagua nodi, unabonyeza F2, unaandika. Kitu kilichonifurahisha ni kwamba fomula, yaani maandishi mafupi yanayochota data toka nodi nyingine, zinazoitaja nodi ile kwa jina lake la zamani zinajirekebisha zenyewe ukibadilishia mle mle kwenye ubao. Nilikuwa nimejiandaa kukesha, nikamaliza kabla ya saa tano.

Utaratibu niliouchagua ni kitendo, kitu, mahali. "Soma mauzo Newala". "Chuja bidhaa zilizopungua". "Andika oda Masasi". Kiswahili kinafaa mno hapa, kwa sababu kitenzi cha kuagiza kinakaa mwanzoni na ni kifupi: soma, chuja, tuma, andika. Ukipitisha jicho toka kushoto kwenda kulia, ubao unasomeka kama mtu anayempa kijana wa dukani maelekezo. Menyu za programu ni za Kiingereza, lakini majina ni yako, na hakuna anayekulazimisha kuyaacha kwa Kiingereza.

Nilikosea pia kwa upande wa pili. Nodi moja niliiita "Chuja zilizobaki chini ya 10". Msimu ulipopamba moto tukapandisha kiwango hadi 20, nikabadilisha ndani na kusahau jina. Wiki mbili mwenzangu alikuwa akimwambia kila mtu kwamba kiwango ni 10, maana ndivyo ilivyoandikwa. Siku hizi namba inayoweza kubadilika haiingii kwenye jina. Naiandika kwenye kile kijikaratasi cha rangi ambacho n8n inakuruhusu kukibandika ubaoni kando ya nodi, pamoja na tarehe.

Jingine ni la Ng'apa, kule Lindi. Niliita nodi "Soma oda Ng'apa", kisha nikaiandika fomula kwa mkono: $('Soma oda Ng'apa'). Ikagoma. Alama ile ya ng' ndiyo ileile inayofunga jina ndani ya fomula, kwa hiyo programu ilisoma "Soma oda Ng" na kuona jina limeishia hapo. Unaweza kulizungusha kwa nukuu mbili badala ya moja, ikakubali. Ni jambo dogo, ila kwa lugha yetu yenye ng'ombe, ng'ambo na Ng'apa, heri ulijue mapema.

Msishughulike na nodi tu mkasahau funguo za kuingilia akaunti. Nazo zina majina yao. Zetu zilikuwa "Google Sheets account" na "Google Sheets account 2", moja ya bosi na nyingine ya duka. Sasa zinaitwa "Sheets – akaunti ya duka" na "Sheets – bosi, kusoma tu". Zinahifadhiwa kwa kufichwa, na kuna ufunguo wa usimbaji unaozifungua. Nakili ufunguo huo mahali pengine, kwa sababu ukipotea, akaunti zote utaziunganisha upya.

Na saa! Ukiisimika mwenyewe na usiguse mipangilio, inahesabu saa za New York. Mtiririko (mlolongo mzima wa nodi) niliouwekea 18:00 ulikuwa unaamka saa saba usiku. Weka mpangilio wa saa unaoitwa GENERIC_TIMEZONE uwe Africa/Dar_es_Salaam kabla ya kitu chochote. Kianzishi chenyewe, yaani nodi inayouamsha mtiririko, nimekiita "Kila siku saa 12 jioni", kama tunavyosema. Umeme ukikatika saa hiyo na kompyuta ikazimika, zamu ile imepita. Haitarudiwa umeme ukirudi. Tumenunua betri ya kushikilia.

Faida kubwa ya jina, lakini, nimeiona nikiwa mbali na kompyuta. n8n inakuwezesha kutengeneza mtiririko wa pembeni unaoamka pale mwingine unapokwama, nao unapokea jina la mtiririko na jina la nodi ya mwisho iliyofanya kazi. Mimi naupeleka Telegram, kwangu na kwa msimamizi wa tawi husika. Zamani ujumbe ulisema "Imekwama: Google Sheets3", na hapo ni lazima mtu aje dukani kufungua. Kumbuka tu kwamba hauamki ukiwa unaujaribu mtiririko kwa mkono; nilidhani umeharibika, kumbe ndivyo ulivyo.

Ninaipendekeza kwa duka lolote lenye matawi na mtu mmoja aliye tayari kujifunza kwa mwezi mzima. Mitiririko yangu mitatu ya zamani bado ina majina ya namba, nimepanga kuimaliza kabla msimu wa kupulizia haujaanza.

Mwezi uliopita nilikuwa Mikindani msibani, simu nimeizima. Nilipoiwasha nikakuta ujumbe wa saa 12 na dakika mbili: "Imekwama: Andika oda Newala". Chini yake, dakika kumi baadaye, ujumbe wa dada wa Newala: "Nimeona oda yangu haijaandikwa. Nimewapigia ghalani nikawasomea kwa mdomo, wanapakia asubuhi. Poleni na msiba."