Miezi minane ya kuuza kwa mnada wa kwenye simu nikiwa nyumbani Nkuhungu, Dodoma

Kitu cha kwanza nilichouza kilikuwa cherehani ya miguu ya mama mkwe wangu, meza yake imeliwa na mchwa kwenye kona moja. Fundi mmoja wa Majengo alikuja akaiangalia, akasema atatoa 70,000 na anaibeba sasa hivi. Nikamwomba anipe siku mbili. Nikaipiga picha, nikaiingiza kwenye kundi la mnada la WhatsApp kwa bei ya kuanzia 40,000, na kesho yake saa 3:00 usiku ikafungwa kwa 132,000. Aliyeshinda ni dada wa Kongwa anayeshona sare za shule. Alituma hela na ya kutolea juu.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nianze. Niliacha kibanda cha vitenge Sabasaba nilipojifungua mtoto wa tatu, na hii ndiyo kazi ninayofanya nikiwa nyumbani. Kina mama wa mtaani kwangu wananiuliza kama kweli inalipa, na kila nikianza kuwajibu mtoto analia au simu inaita. Nimeona niandike yote.

Kundi nililoanzia lilikuwa na watu mia sita na kitu (WhatsApp hairuhusu kundi kuzidi watu 1,024). Unampa admini, yaani msimamizi wa kundi, picha, maelezo, bei ya kuanzia na kiwango cha kupandia. Tuseme dau la kwanza 40,000, na kila anayepanda aongeze si chini ya 2,000. Mnada unakaa siku moja au mbili. Dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, muda unasogezwa dakika tano nyingine, ili asitokee wa kuvizia sekunde ya mwisho. Mshindi ana saa 24 za kulipa. Admini anachukua asilimia 5 ya bei ya kufungia.

Mtoto wa dada yangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alinionyesha mitandao mikubwa ya nje kama eBay inavyofanya: mnunuzi anaiambia mashine kiwango chake cha mwisho kwa siri, nayo inampandishia kidogo kidogo kadiri wenzake wanavyopanda. Akishinda analipa kidogo tu kumzidi aliyemfuata, hata kama kiwango chake kilikuwa mbali juu. Sisi hatuna mashine hiyo. Mnunuzi lazima awe macho, bando liwepo, umeme usikatike. Nimeona friza nzima ikiondoka kwa bei ya kutupa kwa sababu mtandao ulikuwa mbovu jioni ile. Kwa hiyo sifungi mnada usiku wa mechi ya Simba na Yanga, na kitu cha kuzidi laki nakiweka mishahara ya serikali ikishaingia, maana nusu ya wanunuzi wa mji huu ni watumishi.

Bei ya kuanzia ilinisumbua kuliko kitu kingine chochote. Nilipewa friji na jirani yangu, akasisitiza isianze chini ya 250,000 kwa sababu ndiyo anayoitaka. Siku mbili hakuna aliyegusa. Watu waliiangalia wakapita, na friji ambayo haijaguswa siku mbili inaanza kuonekana mbovu. Nikamwomba aniamini. Wiki iliyofuata nikaianzisha 90,000, nikaandika wazi kwamba kuna bei ya chini ambayo isipofikiwa haiuzwi. Saa ya kwanza tu walikuwa wameingia watu saba. Mtu akishaweka dau lake la kwanza anaanza kuiona ile friji jikoni kwake, na kuiacha iende kwa mwingine inamuuma. Ikafungwa 264,000. Tangu siku hiyo naanza chini, na bei ya chini kabisa naijua mimi na mwenye kitu. Lakini naitangaza kwamba ipo. Kuificha si haki kwa mtu anayekesha na simu.

Sisi wa Dodoma mnada tumezaliwa tunaukuta. Nenda Msalato Jumamosi uone mnunuzi anavyomzunguka ng'ombe, anamshika nundu, anamfungua mdomo atazame meno, anamtembeza hatua kumi aone kama anachechemea. Hatoi hata shilingi kabla mikono yake haijaridhika. Kwenye simu mnunuzi hana mikono. Mikono yake ni mimi.

Hilo nililielewa baada ya kuumia. Mwezi wa pili wa kazi hii niliuza blenda iliyokuwa na ufa chini ya jagi. Niliuona, nikasema haumwagi maji, nikaipiga picha upande mzuri. Mama aliyeinunua, wa Chamwino, aliirudisha kwa bodaboda siku ileile. Nikamrudishia hela yote na nauli ya boda, kwenda na kurudi. Hakunitukana. Aliniambia tu, “Mwanangu, ungeniambia ningeinunua hivyohivyo.” Maneno hayo sijayasahau.

Siku hizi picha ya kwanza ni ya ubovu. Nilipata jiko la gesi la plati nne, plati moja haiwaki. Nikachukua video fupi: natekenya swichi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinawaka, ya nne inatoa harufu tu, nafunga. Nikaandika fundi aliniambia nini na spea yake inauzwa shilingi ngapi mjini. Wiki hiyohiyo mtu mwingine aliweka jiko la aina ileile na maneno “halina shida yoyote.” La kwake lilifungwa 80,000. Langu, bovu, 96,000. Wanunuzi wawili waliniambia baadaye kwamba lile lingine waliliogopa, kwa sababu kitu kilichotumika hakikosi shida, na asiyeitaja kaificha.

Yule kijana wa UDOM akanisimulia kwamba kitu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuuzwa eBay, mwaka 1995 huko Marekani, kilikuwa kitochi cha leza kibovu. Mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, ndiye aliyekiuza, kwa dola 14.83, na akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa ni kibovu. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya vitochi vibovu. Nilifurahi sana kusikia habari hiyo. Mimi mwenyewe nimeuza redio isiyoongea kwa fundi wa Bahi aliyetaka spika zake tu.

Mizigo naipata wapi? Hapa Dodoma ina neema yake. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, mji umejaa watu wanaokuja na kuondoka. Mtumishi anapangiwa wizara Mji wa Serikali kule Mtumba, anapanga nyumba Kisasa au Ilazo, ananunua sofa, kitanda, pazia, kabati la vyombo. Barua ya uhamisho ikitoka ana siku chache, na gharama ya kupakia kabati kwenda Mtwara inazidi bei ya kabati lenyewe. Zamani madalali walikuwa wanamsubiri siku ya mwisho, akiwa ameshachoka, wanampa bei wanayotaka wao. Mimi namwambia anipigie mara tu barua inapotoka. Namkata asilimia 15: tano za admini, kumi zangu, na ndani ya hizo kumi kuna picha, kujibu maswali ya watu hadi usiku, na kufunga mzigo. Hajawahi kulalamika hata mmoja.

Simu na kompyuta sipokei bila risiti. Kama risiti imepotea, tunaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na simu nabonyeza *#06# mbele ya mwenyewe, namba ya utambulisho wa simu inayotokea naiandika kwenye karatasi ileile. Nisingependa siku moja polisi waje kuniuliza simu ya marehemu fulani ilifikaje kwangu.

Malipo ni kwa simu kabla mzigo haujatoka, isipokuwa mnunuzi wa hapahapa mjini anayekuja kuchukua mwenyewe. Kuna kitu kimoja nawasihi. Ukitumiwa ujumbe kwamba hela imeingia, usiuamini ujumbe. Angalia salio. Nimetumiwa ujumbe wa uongo mara tatu, umeandikwa vilevile kama wa mtandao, hata kumbukumbu namba ipo, lakini umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Mara zote tatu mtumaji alikuwa na haraka, boda wake yuko getini tayari. Namba za namna hiyo nazituma 15040, ndiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakopokea taarifa za matapeli.

Usafirishaji hautoi shida kubwa ukishauzoea. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa vitu vikubwa vya mjini, basi kutoka stendi ya Nzuguni kwa vya Singida, Morogoro na Dar. Niliwahi kupoteza kioo cha kuvalia kwenye basi moja. Kilifika vipandevipande, ofisi ya mizigo ikanionyesha maandishi nyuma ya risiti kwamba vioo ni jukumu la mwenye mali. Nililipa mimi. Sasa vioo nauza kwa watu wa Dodoma pekee. Na kuanzia Juni upepo wa huku unapoanza, vumbi linaingia kila mahali, kwa hiyo picha nazipiga saa 1 asubuhi chini ya mwarobaini kabla haujaamka, na kila mzigo unafungwa nailoni kwanza, gunia baadaye.

Lililonitoa kwenye kundi lile ni jambo ambalo bado linaniuma. Kulikuwa na seti ya sofa, imeanzia 100,000, inapanda kwa elfu tano tano. Baba mmoja wa Singida alishindana na dada wa Area C mpaka dada akaishia 200,000, baba akasema 205,000. Hapo ikaingia namba nyingine: 215,000. Baba 220,000. Namba ile 230,000. Baba 235,000. Namba ile 240,000, mnada ukafungwa. Saa 24 zikapita, aliyeshinda hapokei simu. Nikakumbuka namba hiyohiyo ilishinda kitanda cha muuzaji mwingine na haikulipa, na kabla ya hapo meza ya mwingine tena. Nikafungua huduma ya kutuma pesa, nikaiweka ile namba na shilingi 1,000, jina la mwenye laini likatokea kabla ya kuthibitisha. Lilikuwa jina la admini wetu.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Sikutuma. Mnadani watu wa namna hiyo tunawaita wapambe, wanapandisha bei ya kitu ambacho hawana nia ya kukinunua. Kamisheni ni asilimia, kwa hiyo kila elfu kumi anayomsukuma mnunuzi inamwongezea mia tano. Na muuzaji anafurahi, anaona kitu chake kinapanda, haulizi.

Nikampigia baba wa Singida, nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba nimechelewa kugundua. Nikamwambia ukiitoa namba ile, bei yako ilikuwa 205,000. Mwenye sofa naye nikampigia, nikamwomba radhi kwamba ile 240,000 niliyomtangazia haikuwepo, na kwamba kamisheni yangu sichukui. Alinyamaza kidogo, akakubali. Yule baba ameshanunua kwangu mara nne baada ya hapo, na shemeji yake mara mbili.

Fedha zenyewe, kwa wanaouliza: mwezi wangu mzuri kuliko yote, baada ya kutoa bando, gunia, kirikuu na vilivyoharibika, ulibaki na 286,000. Mwezi mbaya ulikuwa Januari, 35,000. Januari ada za shule zimekaa mlangoni, kila mtu anauza na hakuna anayenunua, kwa hiyo yule mwenye akiba kidogo hununua wakati huo na kuuza Machi. Mimi sikuwa na akiba. TIN, namba ya mlipakodi, nimeshachukua TRA, mamlaka ya mapato, inatolewa bure, na daftari la mauzo naliandika kila usiku kabla ya kulala. Ukitaka mshahara wa uhakika kila tarehe 30, kazi hii haitakupa. Ukiwa na mtoto mdogo na saa mbili za utulivu jioni, itakulipia umeme, maji, na wakati mwingine ada.

Mama mkwe alichukua hela ya cherehani yake, akaongezea, akanunua mbuzi jike wawili Msalato. Mmoja amezaa.

Sasa nina kundi langu, watu 83. Kila anayeingia anaandika jina lake kamili, na namba isiyo na jina haiwekei dau. Kesho tunafungua meza ya chakula na viti sita, ya mtumishi anayehamia Kigoma. Kiti kimoja mguu umeunganishwa kwa gundi na skrubu mbili. Nimeshaupiga picha, karibu kabisa, skrubu zinaonekana.